Sura ya Nne: Kumpima Mtoto Mzito wa Kusoma

Katika wilaya ya Handeni, mahali paitwapo Kwamkono, ipo hospitali ya kanisa la Kianglikana iliyopewa jina la Mtakatifu Fransisko, na kando yake makazi ambamo kwa miaka mingi wamelelewa watoto waliopungukiwa na nguvu za viungo, wengi wao hapo zamani kwa sababu ya polio. Na jambo hilo, ambalo ni la kushukuriwa, liliwezekana kwa kuwa mguu uliokonda huonekana na kila mpita njia, na huruma ya wanadamu aghalabu hufuata macho yao. Polio yenyewe imekwisha kutoweka: mgonjwa wa mwisho nchini alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ikapata ithibati ya kusalimika nayo. Lakini upo upungufu mwingine usiokuwa na fimbo ya kutembelea wala alama mwilini, nao ni ule wa mtoto mwenye siha njema, mwepesi wa mbio, hodari wa kuchunga na fasaha wa kusimulia hadithi, ambaye hata hivyo akifunguliwa kitabu hukaa akikitazama mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na herufi zisimwambie kitu.

Sina shaka kwamba msomaji amepata kukaa naye dawati moja. Darasa la kwanza hakutambulikana, maana wenzake walipoimba ba, be, bi, bo, bu naye aliimba, na sauti yake ikapotea ndani ya sauti zao; darasa la pili alijifunza hila ya kukariri ukurasa mzima kwa kusikia, akausoma mbele ya mwalimu huku kidole chake kikitembea juu ya mistari isiyolingana na maneno yake, hata siku mwalimu alipomwonyesha neno la katikati akamwambia aanzie hapo, siri ikafichuka; na darasa la tatu alikuwa amekwisha pewa jina. Ataitwa mzito, au mbumbumbu, au zuzu, na jina hilo, ambalo halikutokana na uchunguzi wowote, litamfuata hata kwenye upimaji wa taifa wa darasa la nne, na kutoka hapo mpaka shambani. Tangu elimu bila malipo ilipoanza kutumika Januari 2016, madarasa yamejaa watoto ambao zamani wangalibaki nyumbani, nayo ni neema. Lakini mwalimu mwenye umati wa watoto mbele yake humjua anayejibu na humjua anayepiga kelele, na yule anayenyamaza humpita kila siku bila kukusudia.

Sura hii ni ya kumpima mtoto wa namna hiyo katika wilaya za Handeni na Korogwe, na neno ninalotaka kulisimamia tangu mwanzo hata mwisho ni kwamba kipimo ni deni. Anayempima mtoto amejifunga kumfundisha, au kumtafutia atakayemfundisha. Na kipimo kisichofuatwa na somo ni dhuluma, hata kikifanywa na mtaalamu mwenye shahada na kikaandikwa kwa mashine.

Ilimu ya jambo hili si kongwe. Mwaka 1896 tabibu mmoja wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la matabibu wa nchi yake habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwenye akili ya kutosha na asiyeshindwa na hesabu, ambaye licha ya kufundishwa miaka mingi hakuweza kusoma maneno mepesi kabisa. Na mwalimu wake alishuhudia kwamba laiti masomo yote yangalikuwa ya mdomo, kijana yule angaliwashinda wenzake wote shuleni. Mwaka huo huo, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo cha Lutindi ili kuwahifadhi watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye kituo kile kikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ingalipo mpaka leo na imewatibu watu wengi kwa upole na kazi za mikono. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu mzazi wa Korogwe akiambiwa kwamba mwanawe anahitaji kupimwa akili, si ajabu fikira zake zikakwea mlima mara moja mpaka Lutindi, na moyo ukamshuka. Kabla ya kitu chochote kingine aelezwe, kwa maneno mepesi na bila haraka, kwamba hapana aliyesema mtoto ana wazimu, na kwamba kinachotafutwa ni njia ambayo herufi zitamwingia kichwani.

Mtu aliyelipa jambo hili la kupima sura yake ya kwanza alikuwa Mfaransa, Alfred Binet, ambaye pamoja na mwenziwe Théodore Simon alitoa mwaka 1905 maswali ya kutambua watoto wa Paris waliohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Nia yake ilikuwa safi: mtoto atambuliwe ili asaidiwe, na hakukubali kabisa kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokatwa tangu kuzaliwa kisichozidi wala kupungua. Binet alifariki mwaka 1911, na kazi yake ilipovuka bahari kufika Marekani ikaangukia mikono ya watu walioigeuza kuwa namba ya kudumu, wakaibandika juu ya watoto, juu ya wahamiaji na juu ya mataifa mazima, na kwa namba hiyo wakawafungia wengi milango. Nadhani yeyote anayechukua leo karatasi ya maswali kwenda nayo Mombo au Mkata hana budi kuikumbuka historia hiyo, maana chombo ni kile kile, na mkono ndio unaokifanya kiwe cha kuokoa au cha kuangamiza.

Wala Korogwe si mahali pageni kwa vipimo. Ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, ambapo watoto zaidi ya 15,000 kwa jumla walifuatiliwa. Na kwa ajili ya damu iliyotolewa katika vidole vya watoto hawa wa bonde la Pangani, pamoja na wenzao wa Bagamoyo na wa nchi nyingine, Shirika la Afya Duniani liliweza mwaka 2021 kuipendekeza chanjo hiyo itumike. Kwa hiyo watu wa hapa wanajua maana ya kumpima mtoto kwa utaratibu: kumwandika, kumrudia, kumwuliza mama, kulinganisha siku na siku. Ustadi huo haujapewa nafasi ya kutosha katika habari za kusoma na kuandika, ilhali malaria yenyewe ni mlango mmojawapo ambao upungufu wa kujifunza huingilia. Uchunguzi uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto waliougua malaria ya ubongo wakapona, kiasi cha robo moja walikuwa na kasoro ya fikira, ya kukumbuka au ya kuzingatia, miaka miwili baada ya kutoka hospitali. Mama wa Handeni hatasema malaria ya ubongo. Atasema mtoto alipatwa na degedege, pengine akasimulia alivyopelekwa kwa mganga kwanza na zahanati baadaye, na mpimaji mwenye busara hatakunja uso kwa habari hiyo, bali ataiandika, maana ni ithibati iliyo bora kuliko maswali kumi ya kitabu.

Basi kazi huanza kwa mama, au kwa bibi, ambaye mara nyingi ndiye mlezi. Aulizwe mimba ilivyokuwa, na uchungu ulichukua muda gani, na mtoto alilia mara tu alipozaliwa au alikawia. Alikaa lini, alitembea lini, alisema lini. Na kama kadi ya kliniki ipo, isomwe. Aulizwe pia, kwa staha, kama katika ukoo kuna mtu mwingine aliyesumbuka na herufi, kwa kuwa udhaifu huu hutembea katika nasaba, na mara nyingi baba aliyekaa pembeni kimya ndiye atakayeinua kichwa wakati huo aseme kwamba na yeye alikuwa hivyo hivyo. Kisha mtoto huitwa. Ataingia na shikamoo yake, na mwalimu baada ya kumwitikia marahaba humwuliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha upimaji, nalo ni hili: "Umekula, mwanangu?" Handeni ni nchi ya mahindi na ya mvua isiyoaminika, na mtoto aliyetoka nyumbani na njaa, akatembea mwendo mrefu, akapimwa saa tano, amepimwa tumbo. Apewe uji, au arudi siku nyingine.

Baada ya hapo masikio na macho, kabla ya akili. Katika jambo hili sina subira na wale wanaoruka daraja. Mtoto ambaye sikio lake hutoka usaha kila msimu, au aliyepata kutibiwa kwa dawa zinazoweza kudhuru usikivu, ataonekana mkaidi na mjinga kwa sababu moja tu, kwamba nusu ya maneno ya mwalimu hayamfikii. Hakuna haja ya mashine ili kuanza. Mwalimu asimame nyuma ya mtoto kiasi cha urefu wa mkono, ili midomo yake isionekane, mtoto azibe sikio moja kwa kidole, na mwalimu anong'one: nyumba, saba, ndizi, mtoto ayarudie, kisha sikio la pili. Na kwa macho, herufi moja yenye meno matatu ichorwe kwa wino mweusi, mara meno yakielekea juu, mara chini, mara kulia na mara kushoto, ibandikwe ukutani umbali wa mita 6, na mtoto, huku amefunika jicho moja kwa kiganja, anyooshe vidole vitatu kuonyesha upande ambako meno yanaelekea. Asiyejua kusoma hata herufi moja anaweza kulifanya jambo hili, na hapo ndipo hekima yake ilipo. Atakayeshindwa apelekwe zahanati, na kutoka huko Hospitali ya Magunga, Korogwe, ikibidi, na hukumu juu ya akili yake isimamishwe mpaka atakaporudi.

Halafu lugha. Watoto wa Handeni wengi hulelewa katika Kizigua, na wa Korogwe katika Kisambaa, Kizigua au Kibondei, ingawa mjini na katika makambi ya katani ya Ngombezi na Magunga, ambako wazee walikuja kutoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi, Kiswahili ndicho cha nyumbani. Na tangu mwaka 2022, jamaa za Wamasai waliohamishwa kutoka Ngorongoro wamekaa Msomera, huko Handeni, wakaleta watoto ambao Kimasai ndicho walichonyonya. Mtoto ambaye maagizo ya kipimo hayaelewi atapata sifuri, na sifuri hiyo itasema habari za mpimaji. Ni lazima basi maagizo yatolewe katika lugha ambayo mtoto huitumia kumwambia mamaye kuwa anaumwa, na kama mwalimu haijui, atafutwe mtu wa kijiji anayeijua. Mtoto anayeandika karamu akikusudia kalamu huenda ameandika kwa uaminifu vile vinavyotamkwa kwao, na sauti isiyotofautishwa nyumbani haiwezi kuhesabiwa kuwa ugonjwa shuleni.

Hapa tunafika penye kiini cha mambo, na nitakaa kidogo. Kiswahili kina fadhila ya kuandikwa kama kinavyotamkwa, nayo ndiyo inayotufichia ugonjwa. Mtoto wa Uingereza mwenye upungufu huu hutambulikana upesi kwa wingi wa makosa, kwa sababu tahajia ya lugha ile imejaa mitego. Wa kwetu, akiisha kufundishwa vizuri silabi zake, aghalabu hufika mwisho wa neno kwa usahihi, lakini hufika kwa taabu na kwa kuchelewa, akiokota m, kisha tu, kisha ngi, hata akimaliza sentensi amekwisha sahau mwanzo wake ulisema nini. Mwalimu anayesahihisha kwa kuhesabu makosa tu atampita mtoto huyo. Inampasa atazame saa vile vile, na akimaliza aulize habari ya kilichosomwa. Wala isidhaniwe kwamba lugha yenye tahajia nyofu haina mashaka: Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza maandishi ya watoto wa shule za msingi za Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003 na 2007, walionyesha kwamba kujifunza kuandika Kiswahili si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa, hasa pale konsonanti zinapofuatana. Makosa ya mtoto, yakisomwa kwa makini, yana mpango wake, na mpango huo humwambia mwalimu mahali pa kuanzia kesho asubuhi.

Vipimo vya sauti vyenyewe ni vyepesi hata huonekana kama mchezo, na heri vionekane hivyo. Mtoto aambiwe aseme meza, kisha aseme tena bila me. Aseme maneno yanayoanza kwa sauti inayoanza paka. Apige kofi moja kwa kila silabi ya kibatari. Aambiwe arudie maneno yasiyo na maana, bidafu, temogi, kupalose, ambayo hakuyasikia popote na kwa hiyo hawezi kuyakisia. Awekewe mstari wa picha anazozijua, kuku, jembe, mbuzi, kikombe, kuku, kikombe, azitaje upesi tangu mwanzo hata mwisho. Na wengi wa watoto tunaowatafuta, ingawa kila kimojawapo wanakijua, hujikwaa katika upesi huo, maana ulimi wao huchelewa kulipata jina. Aambiwe arudie tarakimu alizozisikia, mbili, halafu tatu, halafu nne. Kazi yote haizidi nusu saa, na vifaa vyake vinatosha katika mfuko wa shati. Akishinda haya yote kwa urahisi na bado hasomi, tatizo liko kwingine, na pengine ni kwamba hajafundishwa. Ndiyo sababu swali la kwanza la mpimaji mwadilifu ni idadi ya siku ambazo mtoto alikuwapo shuleni, na idadi ya siku ambazo mwalimu alikuwapo.

Na kama inatakiwa kujua akili yake kwa jumla, ijaribiwe kwa vitu ambavyo mikono yake inavijua. Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi moja ya kunakili maumbo, mara kwa kalamu na karatasi, mara kwa waya, mara kwa udongo wa mfinyanzi, akachapisha matokeo mwaka 1979: kwa kalamu Waingereza walitangulia, kwa waya Wazambia walitangulia, na kwa udongo walilingana. Watoto wa Lusaka walikuwa wamezoea kuunda magari ya waya, kama wanavyofanya wa Segera na wa Kabuku, na akili yao ilikuwa katika waya ikingoja mtu mwenye nadhari ya kuiona. Huko Zambia ikatoka pia njia ya kumpima mtoto kwa kumpa udongo na kumwambia aumbe mtu, kisha kuangalia ameweka viungo gani na kwa mpangilio gani. Mfinyanzi wa Kizigua hahitaji kufundishwa faida ya kipimo hicho, na ningependa kila shule ya wilaya hizi mbili iwe na ndoo yake ya udongo kabla haijaagiza kitabu cha picha kutoka ng'ambo.

Kadhalika kwa hesabu. Pale Segera, ambapo barabara za Tanga, Moshi na Dar es Salaam hukutana, vijana hukimbilia madirisha ya mabasi na machungwa yao, na kijana ambaye darasani hawezi kutoa 350 katika 1,000 ubaoni hurudisha chenji sahihi kabla basi halijaondoka. Nunes na wenzake walilithibitisha jambo hili hili mwaka 1985 kwa watoto wachuuzi wa Recife, nchini Brazil: hesabu walizozifanya sokoni karibu bila kukosea waliandikiwa baadaye katika karatasi, wakazikosa nyingi. Mtoto wa namna hiyo hana upungufu wa hesabu, na kilichompungukia ni daraja kati ya chenji na ubao; lakini yuko mwingine ambaye hata vijiti viwili vya rundo moja na vinne vya rundo la pili humlazimu kuvihesabu kimoja kimoja kila mara, na hapo sokoni pia hudhulumiwa, na huyo ndiye mwenye haja ya kufundishwa kwa namna ya pekee. Kuwachanganya wawili hawa ni kosa ambalo kipimo cha karatasi hulifanya kila siku.

Lakini katika yote niliyoyasoma juu ya upimaji, hakuna lililonituliza moyo kama kazi iliyofanywa karibu na Bagamoyo na Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakaichapisha mwaka 2002. Waliwapa watoto wa shule maswali. Kisha, badala ya kukusanya karatasi na kwenda zao, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuyakabili maswali ya aina ile. Kisha wakawapima tena. Watoto walipanda, na alama waliyofikia baada ya kufundishwa ilieleza uwezo wao vizuri kuliko alama ya mara ya kwanza. Katika njia hiyo aliyepima na aliyefundisha ni mtu mmoja, na mtoto hatoki mikono mitupu hata kama mpimaji hatarudi tena. Mkulima ambaye mahindi yake hayakuota huuliza kwanza udongo, na mvua, na ndege, kabla ya kulaumu mbegu. Na njia ya Bagamoyo humpa mwalimu nafasi ya kuuliza vivyo hivyo. Ningeifanya kuwa sharti: hapana mtoto wa Handeni wala wa Korogwe atakayeandikwa kuwa na upungufu wa kujifunza mpaka afundishwe kwanza jambo dogo, kwa utulivu, peke yake, siku kadhaa mfululizo, na ionekane amelipokeaje.

Nchi yetu imekwisha weka msingi wa sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma pamoja na wenzake, na mikakati ya elimu jumuishi imekuwa ikitolewa tangu mwaka 2009. Chuo cha Patandi, Arusha, kimekuwa kikifundisha walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi, na Korogwe penyewe pana chuo cha ualimu. Jirani, huko Lushoto, kanisa la Kilutheri lilifungua mwaka 2005 shule ya Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, ambako mtoto hufundishwa kupika, kulima, kufua na kununua dukani kwa kuwa hayo ndiyo maisha yatakayomlaki. Na Angela Stone-MacDonald aliiandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 2014, ili walimu wa nchi nyingine wajifunze kwake. Kenya ilianza mwaka 1984 kuweka vituo vya kuwapima watoto na kuwapatia vifaa, kwa msaada wa Denmark, na vikaenea wilayani, hata mzazi wa huko ana mlango anaoweza kuubisha. Mzazi wa Kwamsisi au wa Mashewa aubishe upi? Ataambiwa aende wilayani kwa afisa wa elimu maalumu, nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku nyingi, na akifika huenda afisa yuko safarini. Kwa maoni yangu mlango huo unapasa kuwa katika kata, na anayeufungua awe mwalimu mmoja wa kila shule aliyefunzwa mambo niliyoyataja hapo juu, ambayo hayahitaji shahada, akisaidiwa na mhudumu wa zahanati. Na mtaalamu wa wilaya awafikie wale tu ambao hao wawili wameshindwa kuwaelewa.

Linabaki jambo la kumwambia mzazi. Asiitwe mbele ya wazazi wengine, wala habari isipelekwe na mtoto. Aambiwe kwanza mwanawe anaweza nini, kwa mifano aliyoiona mwalimu kwa macho yake, kisha kilicho kigumu kwake, kisha kitakachofanywa Jumatatu. Akiuliza, kama wengi waulizavyo, kama kuna mkono wa mtu, asidhihakiwe. Ajibiwe kwamba hali hii imeandikwa habari zake katika kila nchi yenye shule, kwa matajiri na kwa maskini, na kwamba haipungui kwa kafara wala kwa bakora. Hasa bakora. Mtoto aliyepigwa kwa kutosoma hujifunza kuogopa ukurasa, na hofu hiyo ikiisha kuota mizizi, hata kipimo kizuri hakitaweza kutenganisha tena upungufu na woga.

Karatasi ya matokeo iwe moja, na iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama mwenye elimu ya darasa la saba anaweza kukisoma. Iseme masikio na macho yamepimwa lini na yakoje. Mtoto husema lugha gani nyumbani. Alijibu nini katika sauti, katika silabi na katika picha. Alipofundishwa alipanda kiasi gani. Aketi wapi darasani. Afundishwe nini kwanza, kwa dakika ngapi kila siku na nani. Na apimwe tena lini. Mwalimu wa shule zetu huhamishwa, na jamaa za wakataji wa katani huhama pia kazi inapokwisha, leo wako Korogwe, mwakani wamekwenda kulima Handeni. Na mtoto akifika shule mpya bila karatasi hurudishwa mwanzo wa njia, kwenye jina la uzito na kwenye dawati la nyuma. Kwa hiyo nakala moja ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu, na nyingine apewe mama aiweke pamoja na kadi ya kliniki.